Mgonjwa wa sukari akianzishiwa steroidi: upime lini, uchome lini, upunguze lini

Hii nawaandikia manesi wenzangu, hasa nyie mliotoka chuo juzi mkapangiwa wodi ya medikali. Chuoni hili swala tulilisoma mstari mmoja tu, steroidi (kundi la haidrokotizoni, prednisoloni na deksamethasoni) inapandisha sukari, mtihani ukaja tukajibu tukapita. Wodini sasa ndo unakuta mambo: mzee ana kisukari kaja pumu imembana, kapewa haidrokotizoni ya mshipa, baadae kahamishiwa prednisoloni miligramu 40 kila asubuhi, na kwenye chati sukari ya asubuhi inasoma milimo 6.2, 5.8, 6.5, raundi inapita kila mtu anasema mzee yuko vizuri. Wakati huohuo mzee anakojoa ovyo, mdomo umemkauka, ndugu wanaleta maji chupa kwa chupa. Huyo mpime saa kumi na moja jioni uone, unaweza kukuta 19, au glukomita inaandika HI kabisa, yaani imepita uwezo wa mashine kusoma.

Shida hapo ni saa ya kupima. Prednisoloni ukimpa saa mbili asubuhi, inapandisha sukari kwa nguvu kuanzia kama masaa 4 mpaka 8 baada ya kumeza, yaani kuanzia mchana mpaka jioni, na hapo katikati kashakula wali wake wa mchana. Ini linamwaga sukari, misuli na mafuta vinakataa kuisikia insulini. Usiku dawa inaachia, ikifika alfajiri sukari imeshuka yenyewe, ndo maana kile kipimo cha asubuhi kabla ya chai kinatudanganya. Kwaiyo kwa mgonjwa wa prednisoloni ya asubuhi pima kabla ya chakula cha mchana, kabla ya chakula cha jioni na kabla ya kulala, na ya asubuhi usiiache. Kama stripu ni za kuhesabu (na mara nyingi ndo hivo, tusidanganyane) na umepata moja tu ya siku, usiitumie asubuhi, itumie masaa mawili baada ya chakula cha mchana au kabla ya chakula cha jioni. Ikivuka 12 mwambie daktari na anza kumpima mara nne kwa siku. Kama mashine yenu inasoma miligramu kwa desilita, gawa kwa 18 upate milimo, kwaiyo hiyo 12 ni kama 216.

Alafu kabla ya kutoboa, mwoshe mikono kwa maji na sabuni umkaushe, sio kupaka spiriti tu. Mgonjwa katoka kumenya embe, unamtoboa kidole hichohicho, unapata 17 ya uongo na unamchoma insulini ya kweli.

Sio steroidi zote zinapandisha sukari kwa saa zilezile. Haidrokotizoni ni fupi ila inatolewa kila baada ya masaa 6 au 8, kwaiyo sukari inakaa juu mchana na usiku. Deksamethasoni ndo ndefu, kazi yake inavuka siku nzima, hapo hata ya asubuhi utaikuta imepanda. Na msidharau namba ndogo ya deksamethasoni. Miligramu 0.75 ya deksamethasoni ni sawa na 5 za prednisoloni na 20 za haidrokotizoni, piga hesabu: ile deksamethasoni miligramu 6 kwa siku iliyopata umaarufu mwaka 2020 kwenye korona ni sawa na prednisoloni 40. Na mama mjamzito mwenye sukari anayechomwa deksamethasoni ya kukomaza mapafu ya mtoto, 6 kila masaa 12 mara nne, huyo kapata sawa na prednisoloni 160 ndani ya siku mbili, halafu wodi ya wazazi mtu anampima mara moja kwa siku jamani. Huyo sukari inaweza kukaa juu siku kadhaa hata baada ya sindano ya mwisho.

Sasa insulini. Anayeandika dozi ni daktari ila anayechoma ni wewe, kwaiyo lazima ujue unachochoma kinafanya kazi saa ngapi. Actrapid, ile maji safi, inaanza kama nusu saa, kilele masaa 2 mpaka 4, inaisha kwenye 6 mpaka 8. Insulatard, ile ya maziwa, inaanza baada ya saa moja na nusu hivi, kilele kati ya masaa 4 na 12. Mixtard ni hizo mbili zimechanganywa, 30 kwa 70. Ukiangalia vizuri utaona Insulatard ya asubuhi inapanda na kushuka karibu sawasawa na prednisoloni ya asubuhi, ndo maana wengi huipanga hapo, na mgonjwa wa Mixtard mara nyingi kinachoongezwa ni ile dozi ya asubuhi.

Kosa linalotia watu matatizoni ni hili hapa. Saa tatu usiku sukari 21, nesi anampigia intern (daktari wa mafunzo), intern kachoka, anasema ongeza ile ya usiku iwe yuniti 24, nesi anachoma. Insulatard ile inakuja kufika kileleni saa tisa usiku, muda ambao prednisoloni imeshaachia na mgonjwa hana kitu tumboni, na wodi nzima imelala. Saa kumi na moja alfajiri unamkuta kalowa jasho haitiki. Ukipewa oda ya kuongeza insulini ya usiku kwa mgonjwa wa prednisoloni ya asubuhi uliza, tena uliza kwa heshima tu, "Dokta, sukari yake ya asubuhi ilikuwa 6, insulini ya usiku tuiache hivohivo, tuongeze ya asubuhi?" Wengi watashukuru. Na kama kachomwa kitu usiku, mpime saa tisa, usisubiri mkabidhiane zamu.

Kuvuta dawa: chupa ni yuniti 100 kwa mililita, tumia sirinji ya insulini tu. Sirinji ya kawaida ya mililita 2 usiiguse kwa kazi hii, yuniti 10 ni mililita 0.1, ukiteleza kidogo tu ushampa mara mbili. Kwenye chati andika neno yuniti lote, usiandike U, maana 10U ya haraka haraka inasomeka 100. Insulini ya maziwa iviringishe taratibu kwenye viganja mpaka iwe sawa, usiitikise kama dawa ya kikohozi. Ukichanganya mbili kwenye sirinji moja, ingiza hewa kwenye ya maziwa kwanza bila kuvuta dawa, kisha hewa kwenye ya maji uvute hiyo ya maji, ndo umalizie na ya maziwa. Badilisha sehemu ya kuchoma, papasa tumbo kwanza, ukikuta kinundu kigumu hapo pasipite sindano.

Ikishuka chini ya 3.9 na anameza vizuri, vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida (sio ya zero!), rudia kupima baada ya dakika 15, kisha ale kitu. Hajitambui usimwekee kitu mdomoni, ita msaada, fungua mshipa, dekstrosi asilimia 50 mililita 50 taratibu kwenye kanyula nzuri, maana ikivuja nje ya mshipa inaunguza.

Kupunguza ndo kunasahaulika kuliko vyote. Prednisoloni inashuka 40, 30, 20, insulini inabaki palepale, unategemea nini? Kila steroidi ikishushwa, siku hiyohiyo muulize daktari insulini inashuka kwa kiasi gani. Glibenklamidi (vidonge vya kushusha sukari) nayo iangalie sana kwa wazee na wenye figo, hiyo ikishusha sukari inaweza kuirudisha chini tena masaa mengi baadae, usimruhusu mtu kwa sababu kazinduka tu.

Na steroidi yenyewe haikatwi ghafla kwa mtu aliyeitumia zaidi ya wiki tatu hivi, tezi zake za adrenali, za juu ya figo, zimelala. Mgonjwa kazuiliwa kula kwa ajili ya upasuaji, au anatapika kila kitu, sio sababu ya kuandika "hajapewa" ukaendelea na mambo yako, anatakiwa apewe ya mshipa. Presha imeanguka, anatapika, kalegea na sukari iko chini bila sababu, fikiria tezi: daktari aje haraka, haidrokotizoni miligramu 100 ya mshipa na normo salini (maji ya chumvi).

Kingine ni potasiamu. Huyu mzee wa pumu ana steroidi inayoshusha potasiamu, ana salbutamoli ya nebulaiza (mashine ya kuvuta dawa) inayoishusha pia (na kupandisha sukari juu yake), unamwekea insulini inayoisukuma iingie ndani ya seli, na kama miguu imevimba labda kapewa Lasix, dawa ya kukojoza, nayo inaishusha. Omba ipimwe. Mgonjwa wa TB aliye kwenye rifampisini naye anaimaliza prednisoloni haraka mwilini, na dawa za sukari kama glibenklamidi zinapungua nguvu, kwaiyo rifampisini ikianza au ikiisha tegemea namba kubadilika. Homa nayo usiingoje, steroidi inaificha. Angalia mdomoni kama kuna utando mweupe, angalia nyayo na katikati ya vidole kila siku.

Ukichukua historia uliza na zile steroidi ambazo watu hawaziiti dawa. Krimu za kujichubua, nyingine zina klobetasoli, na vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa kienyeji, humo unaweza kukuta deksamethasoni. Ukiuliza "unatumia dawa gani" atasema hakuna. Uliza unapaka nini, umekunywa nini ili unenepe, tena muulize akiwa peke yake bila mume wala mama mkwe.

Siku ya kuruhusiwa mkalishe na yule anayempikia nyumbani. Kwenye karatasi andika kwa saa zetu: prednisoloni saa mbili asubuhi baada ya chai, tarehe ya kushuka na kila dozi mpya, insulini asubuhi ngapi jioni ngapi, na ikifika tarehe ya kushuka insulini iwe ngapi. Kama hana friji, chupa ya insulini anayotumia ikae kwenye mtungi kivulini, isikae juu ya kabati chini ya bati. Na aliyepanda sukari kwa sababu ya steroidi bila kuwa na kisukari kabla, mpe tarehe ya kurudi kupima, kama miezi mitatu baada ya dawa kuisha, uiandike kwenye kadi yake ya kliniki sio kwenye faili linalobaki kwetu.