Nyuki kwenye mikorosho: kuunganisha kijiji, AMCOS na wafugaji nyuki

Mkorosho hautegemei upepo. Chavua yake inanata, na lazima mdudu aibebe. Maua mengi kwenye kishada ni madume. Yale machache yanayoweza kuzaa korosho hufunguka zaidi kuanzia saa tatu asubuhi hadi adhuhuri. Anayepuliza sumu ya wadudu saa nne asubuhi mwezi wa saba, awe Tandahimba au Nachingwea kusini mwa Tanzania, anawaua nyuki wakiwa kazini, pamoja na wa mizinga ya jirani, kwani nyuki huruka kilomita mbili na zaidi kutafuta chakula. Ndiyo maana shamba moja peke yake haliwezi kuwalinda. Anzeni na makubaliano, miche itafuata.

Kikao cha kwanza kiwe na viongozi wa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima (pembejeo zinapitia kwao), kamati ya maliasili ya kijiji, wafugaji nyuki, warina asali wa porini, afisa ugani na vijana wenye mashine za kupulizia. Hao vijana husahaulika, na hapo ndipo mpango unapovunjika: wakilipwa kwa idadi ya mikorosho, watapuliza hadi jua kali. Kubalianeni nao saa za kazi na malipo kabla msimu haujaanza.

Andikeni sharti kwa maneno ambayo kila mtu ataelewa: "Mikorosho ikiwa na maua, dawa ya wadudu itapulizwa baada ya saa kumi na moja jioni tu. Mwenye shamba atamjulisha mwenyekiti wa kitongoji siku moja kabla." Likipita kwenye mkutano mkuu wa kijiji linaheshimiwa na wengi, lakini likihitaji faini litungwe kama sheria ndogo na kupelekwa halmashauri ya wilaya liidhinishwe. Faini isiyo na idhini hiyo itapingwa na mtu wa kwanza atakayetozwa.

Msichanganye salfa na dawa ya wadudu. Salfa ya unga ni ya ubwiriunga (ugonjwa wa ukungu mweupe kama unga), hupulizwa alfajiri kukiwa na umande na upepo umetulia, na haiwadhuru nyuki kama sumu za wadudu. Hatari kubwa iko kwenye sumu za mbu wa mikorosho (mdudu anayefyonza machipukizi, si mbu wa kawaida), kama zile zenye lambda-cyhalothrin kwenye lebo. Kabla ya kupuliza, kagueni mti kwa mti. Ukiona viota vya majani yaliyoshonwa pamoja, hao ni majimoto, aina ya chungu, na wanawinda mbu wa mikorosho bila malipo: mti huo uacheni. Mti usio nao, wenye machipukizi mapya yenye madoa meusi, ndio wa kushughulikia. Kupuliza shamba zima "kwa usalama" kunaua majimoto, na mbu wanarudi pasipo adui.

Maua ya mikorosho yakiisha, nyuki wanahitaji chakula kingine. Mkorosho wenyewe ni mgeni kutoka Brazil; miti ya kwetu ndiyo inayowabakiza nyuki. Njia rahisi kuliko zote ni kuacha visiki vichipue kwenye mipaka na makorongo: mpingo na miyombo huchipua vizuri. Chagueni machipukizi mawili yaliyonyooka kwa kila kisiki, kateni mengine, fyekeni mita moja kuzunguka. Hili linashinda kitalu chochote kwa gharama.

Mkitaka kuongeza miti, mkongo unafaa. Toeni kofia nyekundu ya mbegu, kwangueni ganda jeusi upande mmoja, lowekeni usiku mzima, pandeni moja kwa moja shambani mvua zikishika, Desemba au Januari. Mzizi wake mkuu hushuka haraka, na kwenye kiriba kifupi hujikunja. Mti wa namna hiyo hudumaa. Mninga nao una tabia yake: miaka ya mwanzo shina hukauka kiangazi na kuchipua tena mvua ikija. Wengi hung'oa wakidhani umekufa. Wekeni kijiti cha alama, uacheni. Mibuyu ya zamani isikatwe, na popo wasifukuzwe: wao ndio wanaouchavusha mbuyu usiku.

Mizinga ining'inizwe Aprili au Mei, kabla ya maua, angalau mita 300 kutoka kwenye nyumba na njia. Kwa mizinga ya viunzi vya juu (vipande vya mbao ambavyo nyuki huning'iniza masega), kila kiunzi kiwe na upana wa milimita 32. Kikizidi, nyuki wetu huunganisha masega na asali haitoki bila kuvunja. Tumieni waya, mzinga uwe mita moja na nusu juu na mbali na shina ili nyegere asipate pa kushika. Pakeni grisi kwenye waya kuzuia siafu, na rudieni inapokauka.

Moto wa kichaa hufuta yote haya kwa mchana mmoja. Safisheni kinga ya mita tano Mei au Juni, nyasi zikiwa bado mbichi. Wawinda ndezi na warina asali, ambao hutumia moto kazini, waingizwe kwenye kikundi tangu siku ya kwanza. Wapeni warinaji kofia za wavu na vitoa moshi, waache mienge.

Wakati wa maua, wanafunzi wachague mikorosho kumi na kuhesabu nyuki kwenye vishada kwa dakika kumi, saa nne asubuhi, wiki ileile kila mwaka. Daftari litunzwe ofisi ya kijiji, viongozi wa kikundi wakibadilika lisipotee.