Kuchagua mnyororo wa msumeno wa injini wa cc 45 hadi 60

Urefu wa baa, yaani kile chuma kirefu ambacho mnyororo hukizunguka, peke yake hautoshi kununulia mnyororo. Baa mbili za inchi 18 zinaweza kudai minyororo tofauti kabisa: moja ndimi 72, nyingine ndimi 68, na hakuna utakaoingia pa mwenzake. Ndimi ni vile vipande vya chini vinavyotembea ndani ya mfereji wa baa. Mnyororo hutambulishwa kwa vipimo vitatu, na vyote vitatu lazima vipatane na msumeno.

Cha kwanza ni nafasi kati ya ribiti, vile vipini vinavyounganisha vipande vya mnyororo. Pima kutoka katikati ya ribiti moja hadi katikati ya ile ya tatu, ugawe kwa mbili. Kabla ya kugawa, ribiti tatu zikichukua karibu milimita 16.5, mnyororo ni wa inchi 0.325; zikikaribia 19, ni wa 3/8. Tofauti ni ndogo na jicho hudanganyika, kwa hiyo tumia kalipa, kifaa cha kupimia vipimo vidogo kwa usahihi. Angalia pia kwamba kuna 3/8 mbili: ya kawaida, na ile ya kimo kifupi ya misumeno midogo. Kwa rula zinakaribia kulingana, lakini gia zake haziingiliani. Nafasi hii ndiyo inayofungamana na gia ya klachi na kigia cha ncha ya baa. Isipolingana, ndimi hupanda juu ya meno ya gia, mnyororo hugonga na kuruka, na gia huliwa haraka.

Cha pili ni unene wa ulimi: milimita 1.3, 1.5 au 1.6 kwa misumeno ya kiasi hiki. Mnene kuliko mfereji hauingii, na hapo kosa hujulikana mara moja. Hatari ni mwembamba, kwa sababu unaingia vizuri kabisa. Ukianza kukata, mnyororo huinama upande, mkato hupinda, na kingo za baa huliwa bila usawa. Mfereji wa baa kuukuu nao hupanuka, hivyo usiupime mahali palipochakaa. Pima karibu na kitako cha baa, au soma maandishi yaliyogongwa hapo. Kwenye ulimi wenyewe mara nyingi kuna namba. Kampuni ya minyororo ya Oregon, kwa mfano, hutumia 20, 21 na 22 kwa 0.325 yenye unene wa 1.3, 1.5 na 1.6, kwa mpangilio huo.

Cha tatu ni idadi ya ndimi. Zihesabu zote, ukitia alama ya chaki pa kuanzia. Zikipungua, mnyororo haufiki kuzunguka baa. Zikizidi, skrubu ya kukazia huisha kabla mnyororo haujakaza.

Kati ya 0.325 na 3/8, kwa msumeno wa cc 50 wenye baa ya inchi 15 hadi 18 tungechagua 0.325. Meno yake ni madogo na yamekaribiana, kila moja huchukua kidogo, kwa hiyo injini haizidiwi na mkato huwa laini. Meno ya 3/8 hung'oa mbao nyingi zaidi kwa pigo moja, lakini yanataka nguvu; yanaanza kufaa injini ikikaribia cc 60. Kuweka 3/8 na baa ya inchi 20 kwenye injini ndogo hupunguza mwendo wa mnyororo gogo linapofunika baa yote, mkataji huanza kukandamiza, na klachi huchemka.

Umbo la jino nalo lina uzito wake. Jino la pembe kali hukata haraka kwenye mti mbichi ulio safi, lakini mchanga kidogo tu huliua. Kwa magogo yaliyoburutwa ardhini, mti mkavu au visiki, chukua jino la pembe ya mviringo.

Ukiamua kuhama kutoka 0.325 kwenda 3/8, hesabu pia gia ya klachi na baa yenye ncha inayolingana, pamoja na tupa: 0.325 hunolewa kwa tupa ya duara ya milimita 4.8, na 3/8 ya kawaida kwa 5.2 au 5.5. Hata usipohama, mnyororo mpya juu ya gia yenye mashimo yaliyochimbika huchakaa kwa kasi ya gia hiyo. Badilisha gia kila baada ya minyororo miwili.