Jinsi ya kulinganisha uandikishaji na umalizaji wa shule kati ya nchi mbili

Watu wengi wakilinganisha elimu ya nchi mbili wanachukua asilimia ya uandikishaji ya huku na ya kule, yenye kubwa ndo wanaipa ushindi. Hiyo inaniuma kweli, maana jina kwenye rejista sio mtoto aliyemaliza shule, na hao wanaopotea katikati ndo tunaotakiwa kuwaona.

Data chukua sehemu moja kwa nchi zote mbili. Taasisi ya Takwimu ya UNESCO inazo bure kwenye intaneti, na wao wanapanga ngazi za kila nchi kwa mfumo mmoja unaoitwa ISCED. Ila bado cheki shule ya msingi ni miaka mingapi, kwa mfano Ujerumani kwenye majimbo mengi ni 4 na Tanzania imekuwa 7 kwa miaka mingi, sasa kumaliza 4 na kumaliza 7 sio kitu kimoja.

Uandikishaji wenyewe una viwango viwili, cha jumla na halisi, na halisi kinahesabu wenye umri sahihi tu. Cha jumla kinahesabu kila aliye darasani, awe amechelewa kuanza au anarudia, afu kinagawa kwa watoto wenye umri wa ngazi hiyo tu, kwa hiyo usishangae kuona 115%. Tuseme watoto wa rika ni 100, walioandikishwa 115, lakini wenye umri sahihi humo ndani ni 85, basi kiwango halisi ni 85% na watoto 15 wa rika hilo hawako kwenye ngazi hiyo! Ukiweka cha jumla cha nchi moja na halisi cha nyingine umeshaharibu kila kitu.

Kwenye umalizaji ndo kaa sana. Kuna kipimo kinachotoka kwenye takwimu za shule, kinahesabu wanaoingia darasa la mwisho kwa mara ya kwanza, yaani kufika tu pale, hakijui kama mtoto alimaliza ule mwaka. Kingine kinatoka kwenye tafiti za kaya kama DHS na MICS, wanaangalia vijana waliozidi umri wa darasa la mwisho kwa miaka 3 hadi 5, kama darasa hilo ni la miaka 12 basi ni wale wa 15 mpaka 17, wanauliza wangapi wamemaliza. Mimi nakiamini zaidi hiki kwa sababu kinamfikia hata mtoto aliyeacha shule na asiyewahi kuiona, ila kinaongelea waliokuwa darasani miaka kadhaa nyuma, kwa hiyo usikibebeshe sera ya mwaka jana.

Miaka ifanane pia, na ukiangukia 2020 au 2021 angalia shule zilifungwa muda gani, Uganda madarasa yote yalirudi Januari 2022.

Ukimaliza wastani wa nchi, rudia hesabu kwa wasichana na wavulana, mjini na kijijini, maskini na wenye nacho. Nchi mbili zinaweza kulingana kabisa kwa wastani halafu moja ikawa imewaacha wasichana wa vijijini mbali sana.