Ukijaribu mchezo wa vijana waasi, anzia kwenye kukamatwa

Kama unatunga mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, ule wa vijana wanaoupinga utawala wa kimabavu, usianze majaribio kwa kuunda wahusika. Hilo hula jioni nzima. Wape wachezaji wahusika waliokwisha kuandaliwa, kisha waingize moja kwa moja pale kijana mmoja anapokamatwa. Hapo ndipo kanuni nyingi hukwama: aliyekamatwa hubaki akitazama wenzake wakirusha kete. Mpe la kufanya. Ahojiwe, adanganye, aamue amtaje nani.

Angalia pia kama utawala wako wa kubuni unajibu mapigo. Wachezaji wakichora kuta kila usiku na hakuna hata amri ya kutotoka nje, huo si uasi, ni utundu tu.

Jaribio linalofuata asimamie mtu mwingine, wewe ukae kimya na daftari. Utawashwa ulimi kueleza, vumilia. Andika kila wanapofungua kitabu cha kanuni, na hasa wanapokiacha wakajitungia zao. Na kwa kuwa wahusika ni watoto, weka mezani kadi ya X: yeyote akiigusa, tukio linarukwa bila maswali.