Kupiga Picha za Ndege wa Pwani kwa Simu na Darubini: Mahali pa Kuanzia

Ndege wanaotafuta chakula kwenye tope la pwani ni wagumu kupigwa picha kwa sababu moja kubwa: hawavumilii mtu awakaribie. Ukisimama kwenye kingo za Hori ya Mida, karibu na Watamu katika pwani ya Kenya, wakati maji yamekupwa, utawaona sululu na vitwitwi wakiwa mita mia mbili au zaidi mbele yako, na simu ikiwapiga peke yake watatokea kama nukta juu ya tope. Lenzi ndefu za kamera zinazofika umbali huo ni nzito na bei yake ni kubwa. Kwa yule ambaye tayari ana darubini ya jicho moja ya kutazamia ndege, au ambaye yuko tayari kununua moja, njia iliyo karibu zaidi ni kuiweka simu nyuma ya darubini hiyo na kupiga picha kupitia humo. Mbinu hii ilianza kuenea duniani tangu mwaka 1999, pale mtazamaji ndege wa Malaysia, Laurence Poh, alipoweka kamera ndogo ya dijitali kwenye darubini yake na kupata picha zilizowashangaza wenzake. Tangu siku hizo kamera zimebadilika sana, lakini matatizo ya mwanga na mtikisiko aliyokabiliana nayo ndiyo yale yale utakayokutana nayo leo.

Tuanze na darubini yenyewe. Zinazofaa kwa kazi hii huwa na lenzi ya mbele yenye kipenyo cha milimita 60 hadi 95, na lenzi ya jicho inayoweza kukuza kuanzia mara 20 hadi mara 60. Yenye milimita 65 ni nyepesi na inabebeka kwa mwendo mrefu. Yenye milimita 80 au 85 inaingiza mwanga zaidi, na kama hutembei sana ningekushauri uchukue hiyo. Kama fedha zinaruhusu, chagua yenye vioo vya ED, yaani vioo maalumu vinavyozuia rangi za mwanga zisitawanyike, kwa sababu vioo vya kawaida huacha utepe wa zambarau au wa kijani pembezoni mwa kitu cheupe, na ndege weupe pwani ni wengi. Darubini ambayo lenzi yake ya jicho imeinama juu humruhusu mtu kuweka miguu ya stendi chini zaidi, na stendi iliyo chini hutikisika kidogo.

Anayeanza huvutwa na namba 60. Naomba uiache kwa sasa, na sababu yake inaeleweka kwa hesabu fupi. Gawanya kipenyo cha lenzi ya mbele kwa kiwango cha ukuzaji, na utapata upana wa duara la mwanga linalotoka kwenye lenzi ya jicho na kuingia kwenye simu. Darubini ya milimita 80 ikikuza mara 20 hutoa duara la milimita 4. Ikikuza mara 60, duara hilo hushuka hadi milimita 1.3 hivi, na eneo lake linakuwa sehemu moja tu ya tisa ya lile la kwanza. Tundu la lenzi kuu ya simu nyingi lina upana wa kati ya milimita 2 na 4, kwa hiyo kwa ukuzaji mdogo simu inapata mwanga wote inaoweza kuupokea, na kwa ukuzaji mkubwa inakosa mwanga. Ikikosa mwanga hurefusha muda wa kupiga na kupandisha ISO, yaani kipimo cha wepesi wa sensa kuhisi mwanga, na matokeo yake ni ndege mwenye ukungu na chengachenga. Isitoshe, kila mtikisiko wa upepo unakuzwa pamoja na ndege. Nawe hukosi ukaribu kwa kubaki kwenye mara 20: lenzi kuu ya simu, ambayo kwa kipimo cha kamera kubwa ni sawa na milimita 26 hivi, ikizidishwa mara 20 inafanya kazi ya lenzi ya milimita 520. Hicho ni kiwango cha kutosha kabisa kwa miezi yako ya kwanza.

Sasa tuunganishe vifaa hivi viwili. Unaweza kuishika simu kwa mkono nyuma ya darubini na kubahatisha, lakini anayetaka picha nzuri kila mara anahitaji adapta, yaani kishikio kinachobana simu upande mmoja na kukaza kwenye lenzi ya jicho upande mwingine. Zipo za jumla zinazorekebishwa kwa skrubu ili zikubali simu yoyote, na zipo zilizotengenezwa kwa aina moja ya simu na aina moja ya darubini, ambazo hufungwa haraka zaidi. Ile ya jumla inatosha, mradi uirekebishe nyumbani, mchana, ukiwa umelenga kitu kisichosogea kama mti au mlingoti.

Urekebishaji huo unahitaji subira. Ukifungua kamera ya simu utaona giza, na katikati yake duara dogo la mwanga. Sogeza simu kushoto na kulia, kisha juu na chini, mpaka duara likae katikati ya kioo na pembe zake zote zififie kwa usawa. Upande mmoja ukiwa mweusi kuliko mwingine, simu imepinda au haijakaa mbele ya kitovu cha lenzi. Ilaze sambamba kabisa na lenzi ya jicho. Halafu shughulikia umbali: zungusha kikombe cha lenzi ya jicho ndani au nje kidogo kidogo, na utaona lile duara linapanuka, linafika ukomo wake, kisha vivuli vyeusi vinaanza kuelea katikati. Rudisha nyuma kidogo tu hapo vivuli vinapoanza, kwa maana ndipo mahali pake. Weusi utakaobaki pembeni uuondoe kwa kukuza kwenye simu hadi mara 1.5 au 2. Simu zenye kamera kadhaa zina tabia ya kuhama zenyewe kutoka lenzi moja kwenda nyingine unapokuza au mwanga unapopungua, na zikihama picha inapotea kwa sababu lenzi hiyo nyingine haiko mbele ya darubini. Tafuta kwenye mipangilio namna ya kuzuia hilo, au tumia programu ya kamera inayokuruhusu kuchagua lenzi kuu na kubaki nayo.

Stendi ya miguu mitatu iwe nzito kuliko unavyodhani inahitajika. Usiinue nguzo ya katikati, fungua kwanza sehemu nene za miguu, na ning'iniza begi lako chini yake kama kuna upepo. Ukiwa ndani ya gari, zima injini na ulaze darubini kwenye mfuko wa mchanga dirishani.

Kidole kinachogusa kioo cha simu kinatosha kuharibu picha, kwa hiyo weka taima ya sekunde mbili au tumia rimoti ndogo ya Bluetooth. Fokasi ifanywe kwa gurudumu la darubini, si kwa simu: lenga jicho la ndege, pitisha kidogo, rudi nyuma, na usimame pale unapoona manyoya ya shingoni yametengana moja moja. Kisha bonyeza kioo kwa muda mahali hapo ili simu ishikilie fokasi na mwanga, na ushushe mwanga kidogo kama ndege ni mweupe, kwa kuwa simu ikiona tope jeusi hung'arisha kila kitu na mgongo wa yangeyange unageuka doa tupu lisilo na unyoya hata mmoja. Kwa ndege anayetembea, kasi ya 1/500 ya sekunde ni mahali pazuri pa kuanzia. Piga mfululizo wa picha nyingi, kwa kuwa katika kumi huenda ikafaa moja, na hiyo ni hali ya kawaida hata kwa wazoefu.

Yote hayo hayatakufaa kama umekwenda kwa wakati usiofaa, na hapa mtu wa pwani ana faida, kwa kuwa anajua kusoma maji. Tope likiwa wazi, ndege wametawanyika mbali. Maji yakianza kujaa yanawasukuma kidogo kidogo kuelekea ukingoni, na ukiwa umekwisha kutulia mahali pako, watakuja wenyewe. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji katika pwani hii hupanda zaidi ya mita tatu na hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, na ndani ya hori huchelewa kidogo. Kwa hiyo fika saa nane mchana, weka stendi mahali ambapo jua litakuwa mgongoni mwako, ukae. Siku za maji mafu, yaani zile ambazo maji hayapandi sana, maji hayawasukumi ndege kwa namna hiyo, nao hubaki mbali. Msimu nao una uzito: ndege wahamiaji kutoka kaskazini huanza kufika Agosti na Septemba, na wengi huondoka kufikia Aprili na Mei.

Katika kundi hilo mtafute yule mla kaa mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene, ambaye kwa jina la kitaalamu huitwa Dromas ardeola. Huzaliana katika mashimo anayochimba mchangani kwenye fukwe na visiwa vya Ghuba, Bahari ya Arabu na Bahari ya Shamu, kisha wengi hushuka hadi kwetu. Ni ndege mwema wa kujifunzia, kwa kuwa husimama kimya kwa muda mrefu kabla ya kukimbia na kumnyakua kaa. Kinda aliyekwisha kuwa na kimo cha mzazi bado humfuata akiomba chakula, na hiyo ni picha ya kuisubiri.

Adui atakayekusumbua zaidi katikati ya mchana ni mazigazi. Jua likishapasha tope, hewa iliyo juu yake huchezacheza na ndege anaonekana kama yuko ndani ya maji yanayochemka. Hakuna darubini inayotibu hali hiyo, hata iwe ya bei gani, na kukuza zaidi huizidisha. Subiri joto lishuke au piga wale walio karibu tu. Na usielekeze darubini kwenye jua hata kwa nukta moja, kwa sababu itaunguza jicho na sensa ya simu.

Usishuke kwenye tope kuwafuata ndege. Wanakusanya mafuta mwilini kwa ajili ya safari ya maelfu ya kilomita, na kila wanaporushwa wanatumia akiba hiyo. Wakiacha kula na kunyoosha shingo wote kwa pamoja, umekwisha kuwa karibu mno. Rudi nyuma polepole. Wanapokusanyika kupumzika maji yakijaa ndipo wanapohitaji kuachwa zaidi.

Ukirudi, pulizia mchanga kwanza kabla ya kufuta kioo, kwa maana chembe moja chini ya kitambaa huchora lenzi. Mwili wa darubini na miguu ya stendi ifutwe kwa kitambaa chenye maji baridi yasiyo na chumvi, kisha vikauke kabla ya kufungiwa begini, ili kuvu isimee ndani ya lenzi.

Ukizikagua picha nyumbani, zikuze upande wa miguu. Baadhi ya ndege hawa wamevishwa na watafiti pete za rangi au vibendera vyenye herufi, na picha ya darubini mara nyingi huzisoma pale ambapo jicho limeshindwa. Andika tarehe, mahali, rangi ya kila pete na mguu uliovaa, kisha upeleke taarifa hiyo kwa makumbusho ya taifa au kwa chama cha watazamaji ndege kilicho karibu nawe, ili wajue ndege huyo alikotoka.