Trekta ya kwanza kwa mkulima mdogo huku Tabora, soma kabla hujatoa hela

Wadau habari za saa hizi. Mwezi huu nimepigiwa simu na watu watatu, wawili wa Kaliua na mmoja wa Sikonge, swali lao lilelile: wameuza tumbaku, hela imeingia, wanataka trekta, wachukue ipi. Nimeona bora niandike yote sehemu moja maana kwenye simu mtu anaondoka na jina la kampuni tu, mengine yote yanapotea.

Mi nalima Urambo, mahindi na karanga na tumbaku kidogo. Trekta ya kwanza tulinunua na baba mdogo, ilikuwa imetumika, ikaja imepakwa rangi mpya inang'aa na mita inasoma masaa machache, tukalipa siku hiyohiyo. Wiki ya pili ya mvua ikaanza kula oili, wiki ya tatu haivuti jembe hata kwenye kichanga, kuifungua tukakuta ringi zimekwisha na silinda moja ina michirizi. Spea zikaagizwa Dar zikaja kwa basi, saizi siyo, zikarudi, zikaja nyingine, siku 19 trekta imelala chini ya mwembe na sisi tunaangalia mvua inanyesha kwenye shamba ambalo halijalimwa. Ekari 11 za mahindi tulipanda Januari, tukavuna mabua.

Ndiyo maana nakwambia kitu ambacho muuzaji hawezi kukwambia. Huku kwetu msimu ni mmoja, mvua zinaanza Novemba zinaisha Aprili hivi, lakini muda ambao ardhi imelowa na mbegu bado inawahi ni kama wiki sita tu. Trekta yako inakula mwaka mzima kwa kazi ya wiki sita. Kwa hiyo usiulize trekta ipi ni nzuri, uliza ipi ikifa Jumatatu itakuwa inalima Jumatano. Mengine yote nitakayoandika hapa yanatoka hapo.

Kwanza piga hesabu kama kweli unaihitaji, na hesabu uiandike kwenye karatasi, usiipige kichwani. Chukulia una ekari 15 na kulimiwa ni elfu 50 kwa ekari, hiyo ni laki saba na nusu kwa mwaka. Trekta ya milioni 25 kwa shamba lako peke yake haiwezi kurudisha hela mpaka unazeeka. Lazima ulimie watu. Sasa wiki sita, siku sita kwa wiki, ni siku 36, na trekta ya kawaida yenye jembe la sahani tatu inalima kama ekari moja kwa saa ikienda vizuri, ukitoa kuhama shamba hadi shamba na kujaza dizeli na mvua kukatisha kazi unapata ekari sita kwa siku, jumla kama 216. Toa zako 15 zinabaki 200 za watu, kwa elfu 50 ni milioni 10. Dizeli kulima ekari moja inakwenda lita 6 hadi 10 kutegemea na udongo, weka 8, ni lita 1,600, kwa elfu 3 kwa lita ni milioni 4 na laki 8. Dereva elfu 5 kwa ekari ni milioni moja. Imebaki milioni 4 na laki 2, na hapo hujabadilisha oili, hujanunua filta, tairi haijapasuka. Bei weka za kijijini kwako, lakini fanya hesabu yote mpaka mwisho, na ukiona majirani hawafiki hizo ekari au wanalipa kwa kukopa mpaka mavuno basi subiri. Maksai wazuri na plau yao kwa mtu wa ekari 10 siyo umaskini jamani, ni hesabu sahihi. Na walio kwenye majaruba ya mpunga kule Igunga na Nzega wafikirie pawatila, kile kitrekta cha magurudumu mawili unachotembea nyuma yake umekishika mikono, kabla ya trekta, kwenye tope inafanya kazi vizuri na bei yake iko chini sana. Ila pawatila usiilete huku kwenye visiki.

Haya, umepiga hesabu na inalipa. Angalia udongo wako. Sehemu kubwa ya Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui ni kichanga na shamba lilikuwa msitu wa miombo, maana yake udongo mwepesi lakini chini kuna mizizi na visiki ambavyo huvioni. Hapo HP (nguvu ya farasi) 50 mpaka 60, inayosukumwa na tairi mbili za nyuma tu, inatosha kabisa kwa sahani tatu, HP 75 ukiipata kwa bei nzuri chukua lakini usijibane kwa ajili yake. Ukiwa na mbuga nyeusi habari ni nyingine, udongo ule ukilowa unanata na tairi mbili inakaa palepale inazunguka, pale unahitaji 75 kwenda juu na ikiwezekana fo wili, yaani tairi zote nne zinasukuma. Vile vitrekta vidogo vya HP 20 na kitu vinavutia kwa bei, ni vizuri kwa bustani na kwa ardhi iliyosafishwa zamani, lakini kwenye shamba la visiki utakivunja msimu wa kwanza. Na kwenye kichanga trekta ikiteleza usikimbilie kununua kubwa zaidi, jaza maji tairi za nyuma robo tatu, weka vyuma vya uzito mbele, utashangaa inavyoshika.

Jembe chukua la sahani za chuma zinazozunguka, siyo la bapa lenye ulimi wa chuma unaogeuza udongo. Sahani ikikuta kisiki inapanda juu na kuvuka, la bapa linakamata na kitu kinavunjika, ama jembe ama mikono ya haidroliki inayonyanyua jembe. Wengi wanamaliza hela yote kwenye trekta halafu jembe wanaokoteza, yaani jembe bovu linakula dizeli na kuua trekta nzima. Gawa hela mapema: trekta, jembe la sahani, halafu kama imebaki chukua trela kabla ya haro ya kuvunja mabonge. Trela inafanya kazi mwaka mzima, kuni za tumbaku, mahindi, matofali, maji, mchanga, hiyo ndiyo inayolisha trekta ile miezi mingine. Jembe la matuta litafuata msimu wa pili.

Kwenye kampuni sasa, maana najua ndipo mnaposubiri. Huku ukisema Massey Ferguson kila fundi anajua, 290 yenye injini ya Perkins ya silinda nne, HP kama 80, 240 ya silinda tatu kama HP 50, hata 135 za zamani zile ambazo ziliacha kutengenezwa miaka ya 1970 bado zipo zinavuta trela. Za India nazo zimejaa, Swaraj, Mahindra, Sonalika, Farmtrac, mpya kabisa kwa bei ya Massey iliyochoka, na siyo mbaya, nimeziona zinapiga kazi. Lakini usichague kwa kusikia, fanya hivi. Andika spea sita: filta ya dizeli, filta ya oili, pleti ya klachi, wota pampu, nozeli, na sili ya haidroliki. Nenda maduka ya spea Tabora mjini, ulizia hizo sita kwa trekta unayoitaka, waambie wakuletee juu ya meza uzione, uliza bei. Zikiwepo nne na mbili zinafika kwa siku mbili, sawa. Ukiambiwa "tunaagiza" kwa vitu vyote sita, achana nayo hata kama ni mpya na ina waranti ya miaka miwili, kutoka Dar mpaka huku ni zaidi ya kilomita 800 na waranti hailimi. Halafu nenda kwa fundi wa kijijini kwako au kata ya jirani, muulize ameshafungua ngapi za aina hiyo. Siyo anaijua, ameshafungua ngapi.

Hii kitu ya spea na mafundi siyo ya leo. Wazee wa Urambo wanaujua ule mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947, Kongwa, Nachingwea na hapa kwetu, walileta matrekta mengi yaliyokuwa mabaki ya vita, yamechoka, spea hakuna, mafundi hawatoshi, mizizi inavunja vyuma, Januari 1951 wakaufuta. Na ile ilikuwa hela ya serikali nzima, sasa wewe na hela ya marobota yako ya tumbaku.

Ukienda kununua iliyotumika nenda na fundi, mlipe siku yake, usiende na rafiki anayependa magari. Mi safari ya pili nilienda na mzee mmoja fundi wa Tabora mjini. Tumefika, muuzaji anatukaribisha, trekta imeoshwa safi. Mzee hakuangalia rangi, aliweka kiganja kwenye injini akakaa nacho kama anampima mtoto homa. Akaniambia taratibu, "Mwanangu, hii imeamshwa asubuhi. Mwambie tunarudi saa kumi, isiguswe." Tulirudi saa kumi imepoa, ikagoma mara mbili, ya tatu ikawaka na moshi mweupe ukafuatiwa na wa bluu ambao haukuisha. Akafungua kifuniko cha oili injini ikiwa inanguruma, akashika kipande cha karatasi juu ya tundu, karatasi ikawa inarukaruka na ina matone ya oili. "Inapumua hii. Twende." Maana yake ringi zimekwisha, moto wa silinda unavuja kwenda kwenye oili. Hatukubishana hata bei. Nilipokuwa narudi nilikuwa nawaza zile ekari 11, kumbe ni karatasi tu ndiyo ingeniokoa.

Kwa hiyo anza na injini ya baridi, kila mara. Moshi mweusi kidogo ukikanyaga mafuta ni kawaida, bluu ni oili inaungua, mweupe usioisha ni nozeli, mgandamizo mdogo au maji yanaingia kwenye silinda. Chomoa kijiti cha oili, angalia pia oili ya giaboksi, ikiwa na rangi ya chai ya maziwa ujue kuna maji. Funga jembe, linyanyue mpaka juu, zima injini, pima kwa rula kutoka chini ya sahani hadi ardhini, kaa dakika 10 pima tena. Likishuka kidogo ni la kuzungumza kwenye bei, likishuka mpaka chini haidroliki imekwisha. Washa PTO, ile shafti ya nyuma inayozungusha mashine nyingine, uone inashika na inaachia. Mita ya masaa usiiamini, angalia pedali ya klachi imelika kiasi gani, angalia matundu ya kufungia trela, yakiwa yamekuwa mayai badala ya duara hiyo imevuta miaka mingi hata mita iseme nini. Tingisha magurudumu ya mbele kwa mkono, zungusha usukani uone unacheza kiasi gani. Tairi za nyuma angalia nyufa pembeni, siyo meno tu, bei ya tairi mbili za nyuma inaweza kukuumiza vibaya. Na mwisho omba kulima, siyo kuendesha barabarani, kulima kabisa nusu saa kwenye ardhi ngumu. Muuzaji akikataa umeshapata jibu.

Karatasi sitasema mengi: kadi iwe na jina la anayeuza, namba ya injini na ya chasi uzisome mwenyewe kwenye chuma na zilingane na kadi, mkataba uandikwe mbele ya mashahidi, hela ipite benki.

Dereva. Hapa naomba mnisikilize maana hapa watu wanakufa. Usimpe mtoto wa ndugu kwa sababu anaendesha bodaboda vizuri. Tafuta aliyesomea au aliyelima misimu kadhaa, mlipe kwa ekari lakini na yeye ndiye anayejibu filta ya hewa ikiziba, kwenye vumbi letu isafishwe kila siku, na dizeli ya madumu ichujwe. Asipakize mtu kwenye madigadi, hata mwanao anayelia anataka kupanda. Shafti ya PTO ifunikwe, kanga au shati likishikwa pale hakuna muda wa kupiga kelele. Na kisiki kikivutwa mnyororo ufungwe chini kwenye kishikio cha trela, kamwe usifungwe juu ya ekseli, ukifunga juu mbele inanyanyuka na trekta inamlalia dereva kabla hajakanyaga klachi. Ikiwa na ile fremu ya chuma nyuma ya kiti usiikate ili ipite chini ya miti, nimeona watu wanakata.

Muda wa kununua ni huu wa kiangazi baada ya mauzo, usisubiri Novemba, wakati huo kila mtu anataka na fundi hana nafasi ya kwenda kukagua na wewe. Ukishalipa ipakie kwenye lori, usiiendeshe kilomita 200 juani kwa kuokoa nauli. Ikifika nyumbani, iliyotumika badilisha oili zote na filta zote hata kama umeambiwa zimebadilishwa juzi, mpya badilisha oili ya kwanza kwenye masaa 50 halafu fuata kitabu chake, nyingi ni kila masaa 250. Nunua daftari la kurasa 100 ulifunge na kamba kwenye boksi la vifaa, dereva aandike kila siku masaa, lita na ekari. Halafu nunua filta mbili za dizeli, moja ya oili, pini za jembe na feni beliti moja, uziweke ndani ya nyumba kabla wingu la kwanza halijaonekana.