Biashara yenye utu huanzia kwenye daftari la wanaokudai

Nina karakana ya fanicha Keko, niliyoachiwa na baba. Wafanyabiashara wenzangu wa hapa Dar es Salaam wakitaka kuonyesha kwamba hawafuati faida peke yake, hukimbilia jezi za timu ya mtaa au futari kwa yatima. Ni mambo mema, yaendelee. Ila nakuomba uanzie kwingine: kwenye fedha za watu ulizozikalia.

Chukua daftari, piga mistari upate safu tatu: jina, kiasi, siku. Andika kila anayekudai, ukianza na wadogo: kijana wa mkokoteni, fundi wa vanishi, mama lishe anayewakopesha vijana wako chakula. Usimwachie mhasibu; andika kwa mkono wako. Nilipofanya hivyo mara ya kwanza, mama lishe wetu alikuwa mstari wa nne: shilingi 46,500, siku 31. Kila asubuhi alikuwa ananiamkia, naitikia, napita. Siku ile nikamwendea. Akafunua sufuria, wali haukufika hata nusu. "Mtaji wangu uko kwako, dada," akasema, akafunika.

Kwa hiyo usilipe kwa kutazama nani ana kelele. Anayenunua mchele wa kesho kwa mauzo ya leo atangulie. Mwenye ghala la mbao anaweza kungoja wiki mbili, lakini mpigie umtajie tarehe. Ukituma kwa simu, weka na ada ya kutolea. Bila hiyo umemkata mtu ujira wake kimyakimya.

Kisha weka siku ya malipo isiyohama. Kwetu ni Ijumaa, saa kumi jioni. Utaiweza ikiwa malipo ya awali ya mteja utayagawa siku hiyohiyo yanapoingia, na fungu la ujira likakaa kwenye akaunti yake, lisiguswe hata mbao zikipanda bei. Na wewe pia kataa fedha zako kukaliwa. Kampuni moja kubwa ilichukua meza zangu 24 ikanilipa baada ya siku 97. Katika siku hizo ni mafundi wangu walioikopesha, bila kuulizwa. Sasa mkataba wangu unasema siku 14. Nimepoteza tenda mbili kwa sharti hilo na sitaliondoa.



Jambo la NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii unaolipa pensheni, ndilo linaloniuma zaidi. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na angalau nusu yake hutoka kwa mwajiri. Wengi wetu tunaukwepa kwa kumwita fundi kibarua hata akiwa nasi miaka kumi. Fundi aliyenifundisha kushika randa alimfanyia kazi baba miaka 19. Alirudi kwao Kilwa na mkoba wa zana, basi. Baba alimpenda, alimsindikiza hadi kituo cha basi akamshikia mkoba. Mapenzi hayo hayakumpa pensheni. Andikisha watu wako, halafu kila mmoja aone michango yake kwa macho yake.

Tamko la maadili ya biashara yako liandike mwisho. Agosti 2019, wakuu 181 wa kampuni kubwa za Marekani walitia saini tamko la umoja wao, Business Roundtable, wakiahidi kuwajali wateja, wafanyakazi, wanaowauzia bidhaa na jamii, pamoja na wenye hisa. Maneno mazuri, nayaunga mkono. Lako lisubiri daftari litembee miezi mitatu, kisha liandike kwa sentensi moja na umsomee yule anayelipwa kidogo kuliko wote.

Langu lilisema: "Hapa hakuna anayelala Ijumaa akitudai jasho lake." Nilimsomea mama lishe. Akafikiri kidogo, akauliza, "Na Ijumaa ikiwa sikukuu?"

Nikaongeza: sikukuu ikiangukia Ijumaa, tunalipa Alhamisi.